Kundi Kwanza, Kliki Baadaye: Kuweka Ziro Bunduki ya Kuwindia Yenye Darubini

Msimu wa kuwinda ukikaribia, simu yangu hailali. "Shikamoo mzee, nimefunga darubini mpya, mbona risasi zinakwenda kushoto?" "Baba, nimezungusha vile vifundo vya kurekebishia darubini mpaka vimegota, bado inapiga chini." "Mzee, aliyeniuzia aliniambia ziro ilishawekwa, sasa swala wa mita 80 nimemkosaje?" Nimeyajibu maswali haya kwenye simu, kwenye vibanda vya chai pale Nyamagana, Mwanza, na hata msibani. Safari hii nayaandika, ili anayeanza leo apate pa kushika.

Wengi wanaonifuata bunduki zao ni nzima na darubini zao ni nzima. Kilichoharibu kazi ni papara. Mtu anapiga risasi moja, inatua kushoto, anazungusha. Anapiga ya pili, inatua kulia, anazungusha tena. Mpaka jua linazama ametumia boksi zima na hajui hata bunduki yake inapiga wapi. Risasi moja haina habari. Risasi tatu zilizopigwa kwa utulivu, bila kugusa chochote katikati, ndizo zinazosema kitu; tundu zake kwa pamoja ndizo tunaziita kundi. Ukilishika hili, mengine yote humu ni kazi ya mikono tu.

Kuweka ziro maana yake ni kufanya msalaba ulio ndani ya darubini na mahali risasi inapotua viwe kitu kimoja, kwa umbali unaoujua. Basi.

Mahali pa kupigia

Mwanza ni jiji la miamba, na mwamba ni hatari kubwa kwa mpiga shabaha. Risasi ikigonga jiwe la itale haizami. Inageuka au inapasuka vipande, na hakuna ajuaye vinaelekea wapi. Ziwa nalo ni hivyo hivyo: risasi ikigusa maji kwa pembe ndogo inaruka, kama kile kijiwe bapa ambacho watoto hukirusha ufukweni kikadunda mara tatu nne. Na pale unapoona maji matupu kuna mtumbwi wa mtu aliyekwenda kukagua nyavu zake. Risasi ya .308 (namba hiyo ni kipenyo chake kwa inchi) iliyopigwa juu juu inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 4. Daraja la Kigongo–Busisi, lote zima, ni kama kilomita 3. Simama kichwani mwa daraja uangalie ng'ambo, ndipo utaelewa umeshika nini mkononi.

Kwa hiyo piga kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, wenye tuta nene la udongo nyuma ya shabaha. Usijitafutie korongo lako huko Magu au Misungwi kwa sababu tu huoni nyumba. Nyuma ya kichuguu kuna mtoto na ng'ombe wa baba yake.

Na karatasi ziwe sawa. Silaha hapa kwetu inamilikiwa kwa leseni, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kuwinda kuna kibali chake, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Leseni ya bunduki si kibali cha kuwinda. Nimeona watu wazima wakichanganya mambo haya mawili na kujikuta kituoni.

Ukiweza, usiende peke yako. Chuo cha Pasiansi kimekuwa kikifunza askari wanyamapori tangu 1966, na mkoa huu umejaa wastaafu waliopita pale. Mwombe mmoja wao akusimamie siku ya kwanza. Jicho la mtu wa pembeni linaona unavyoshtuka kabla wewe mwenyewe hujajua.

Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

- Bunduki, darubini, na pete zake zinazolingana na unene wa bomba la darubini (mara nyingi milimita 25.4 au 30).
- Risasi 20 za aina moja, kampuni moja, uzito mmoja, na zikiwezekana toleo moja. Hizo hizo ndizo utakazowindia.
- Vizuia sauti vya masikioni na miwani ya kukinga macho. Masikio yakishaharibika hayarudi.
- Meza imara na kiti. Meza inayotikisika ni bora uiache ukalale kifudifudi.
- Mifuko miwili: wa mbele mkubwa, kiroba kilichojazwa mchanga mkavu, na wa nyuma mdogo. Kwa ule wa nyuma soksi nene iliyojazwa mchele inatosha kabisa. Ukichota mchanga wa ziwani uanike kwanza, ukiwa na unyevu utakuwa mgumu kama tofali.
- Karatasi za shabaha. Kipande cha boksi chenye mraba mweusi wa sentimita 5 katikati kinafaa.
- Futikamba ndefu, bisibisi zinazokaa sawasawa kwenye skrubu zako, rula, kalamu na daftari.
- Ufito wa kusafishia mtutu, vitambaa na mafuta ya bunduki.

Risasi ni ghali na hazipatikani kila siku, ndiyo maana nimepanga kazi yote iishe ndani ya risasi 20. Ukifuata hatua kwa mpangilio zinabaki.

Hatua zenyewe

1. Hakikisha bunduki haina kitu. Vuta bolti (kile chuma chenye mkono kinachofunga nyuma ya mtutu), toa magazini, tazama chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho kisha ingiza kidole. Fanya hivyo kila unapoishika, hata kama umeiweka chini dakika moja iliyopita. Mtutu uelekee kwenye tuta muda wote. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka msalaba uko kwenye shabaha na umeamua kupiga. Mtu yeyote akisogea mbele kubadilisha karatasi, bolti zote ziwe wazi na hakuna mkono unaogusa bunduki.

2. Kaza kila skrubu. Hapa ndipo ninapopotezea muda mwingi, na sijutii. Toa darubini, futa mafuta yote kwenye tundu za skrubu na kwenye kitako kinachoshika pete, kisha kaza kitako kwenye bunduki. Rudisha pete, weka darubini, kaza skrubu za juu kwa zamu: hii kidogo, ya ng'ambo yake kidogo, mpaka nafasi za pande mbili zilingane. Pete nyingi zinataka takriban niutoni-mita 2, lakini fuata karatasi iliyokuja nazo. Ukikaza kwa nguvu zako zote unaweza kuliminya bomba la darubini, na darubini iliyominywa haitulii tena. Usisahau skrubu zinazoshikilia chuma na mti pamoja, zile za chini karibu na kifyatulio. Hakuna anayezikumbuka, na bunduki ambayo mti wake unacheza haiwezi kupiga mahali pamoja.

Ukiwa hapo chukua noti ya shilingi 1,000, ipitishe kati ya mtutu na mti kuanzia mbele kurudi nyuma. Kwa bunduki nyingi za kisasa inatakiwa iteleze bila kukwama mpaka karibu na chemba. Ikikwama, mti unausukuma mtutu, na ukipata joto utasukumwa zaidi. Hilo ni la fundi mwenye leseni, usianze kuchonga mwenyewe.

3. Weka jicho mahali pake. Kabla ya kukaza pete mara ya mwisho, lalisha shavu kwenye kitako cha bunduki kama unavyopiga, macho yamefumbwa, kisha fumbua. Unatakiwa uone duara lote likiwa jeupe, bila kivuli pembeni. Kama kuna kivuli, sogeza darubini mbele au nyuma, sio kichwa. Kati ya jicho na lenzi ibaki nafasi ya sentimita 8 hadi 10. Mwenye bunduki kubwa ya .375 aongeze kadiri darubini inavyomruhusu, kwa sababu teke la bunduki ile litakuja kuchukua nyusi. Alama ya mwezi mwandamo juu ya jicho nimeiona kwenye nyuso nyingi.

Msalaba nao usimame wima. Funga mshipi wenye chubwi kwenye tawi, uache uning'inie mita 20 mbele yako. Hiyo ni timazi tosha. Bunduki ikiwa imelala sawa, mstari wa wima wa msalaba ulingane na mshipi. Msalaba uliopinda hutauona ubaya wake mita 25. Utauona mita 200, risasi ikianza kuhama pembeni kila unapopandisha.

4. Chungulia ndani ya mtutu. Weka shabaha mita 25. Pima kwa futikamba; hatua za miguu zinadanganya. Toa bolti, iweke bunduki kwenye mifuko, chungulia kutoka nyuma mpaka uone mraba mweusi katikati ya tundu la mtutu. Bila kuisogeza bunduki, inua jicho hadi kwenye darubini. Msalaba uko wapi? Zungusha vifundo mpaka nao uje kwenye mraba. Rudia kuchungulia mara mbili tatu. Kazi hii haitumii risasi hata moja, na inakuokoa usipige nje ya boksi na kuanza kuitafuta risasi yako gizani.

5. Jikalishe. Mfuko wa mbele ushike mti wa bunduki, kamwe usishike mtutu wenyewe. Mtutu ukiegemea kitu, risasi inahama. Angalia pia kile chuma cha mkanda kisigonge mfuko bunduki inaporudi nyuma. Mfuko mdogo uwe chini ya kitako cha bunduki: ukiuminya kwa mkono wa kushoto, msalaba unashuka au kupanda kidogo. Miguu yote miwili ikanyage chini. Sasa fumba macho, vuta pumzi mbili, fumbua. Kama msalaba umehama kwenye shabaha, usiuvute kwa misuli. Sogeza mwili na mifuko mpaka bunduki ielekee kwenye shabaha yenyewe, wewe ukiwa umelegea.

6. Fyatua bila risasi, mara 20. Hii ndiyo hatua ambayo kila mtu anairuka, nami ningeiweka juu ya zote. Bunduki tupu (umehakiki tena?), msalaba kwenye mraba. Vuta pumzi, itoe nusu, isimamishe. Kidole cha shahada kiguse kifyatulio kwa ile nyama ya pingili ya kwanza, kisha kiminye taratibu kurudi nyuma moja kwa moja, kama unayekamua jipu la mtoto: bila kustua. Mlio wa "ta" ukukute hujajiandaa. Mlio ukishatoka endelea kukibana kifyatulio na kutazama. Msalaba uliruka? Basi umevuta, hukuminya. Ukikaa na pumzi zaidi ya sekunde 8 jicho linaanza kuchoka. Achia, anza upya.

Bunduki nyingi za kisasa zenye risasi za fataki ya katikati (pini hugonga katikati ya kitako cha risasi) hazidhuriki kwa zoezi hili. Zile ndogo za .22, ambazo risasi yake hugongwa ukingoni, usizifanyie hivyo, pini inaweza kugonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

7. Kundi la kwanza, mita 25. Vaa vizuia sauti na miwani. Risasi tatu, zote ukilenga katikati ya mraba. Ya kwanza ikitua mbali, usiguse kifundo. Wala usihamishe lengo ili "kuisaidia". Piga ya pili na ya tatu mahali pale pale. Zikimaliza, fungua bolti, nendeni pamoja mkaone.

Kama tundu tatu zinaweza kufunikwa na kizibo cha soda, endelea. Kama zimetawanyika, kuzungusha kifundo hakutasaidia lolote. Rudi hatua ya 2, ya 5 na ya 6. Huwezi kulisogeza kundi ambalo halipo.

8. Hesabu kliki, yaani kila hatua ndogo inayolia kifundo kinapozungushwa. Tafuta kitovu cha tundu tatu, pima kwa rula mpaka mahali ulipotaka. Kumbuka, mita 25 hatutaki risasi itue katikati kabisa. Darubini imekaa kama sentimita 4 juu ya mtutu, na risasi inapanda taratibu kuufikia mstari wa jicho. Kwa bunduki za kawaida kama .308 au .30-06, ukitaka ziro ya mita 100, kundi la mita 25 likae sentimita 1.5 hivi chini ya katikati.

Sasa tazama kilichoandikwa kwenye kifundo chako, kwa sababu darubini zinatofautiana:

- Kliki ya robo dakika (dakika hapa ni kipimo cha pembe, si cha saa): mita 100 inahamisha risasi milimita 7.2 hivi, mita 50 milimita 3.6, mita 25 milimita 1.8.
- Kliki ya sehemu 0.1 ya mili (nayo ni kipimo cha pembe): mita 100 inahamisha sentimita 1, mita 25 milimita 2.5.

Mfano. Uko mita 25, kundi limetua sentimita 5 kulia. Kwa darubini ya robo dakika, milimita 50 gawa kwa 1.8, ni kliki 28 kwenda kushoto. Kwa darubini ya mili, 50 gawa kwa 2.5, kliki 20. Mshale ulio kwenye kifundo unaonyesha upande ambao risasi itakwenda, sio msalaba. Ukichanganya hapo utazidisha kosa mara mbili. Hesabu kliki kwa sauti na uandike daftarini kabla ya kuzungusha.

Piga risasi mbili kuhakiki. Zimekaa karibu na ulipotaka? Mita 25 imeisha. Usitafute ukamilifu hapa.

9. Hamia mita 100. Kabla ya kupiga, acha mtutu upoe. Mtutu wa bunduki ya kuwindia ni mwembamba ili uweze kubebeka, na baada ya risasi tatu au nne unapata joto na risasi zinaanza kutembea. Kwa jua letu uweke kivulini, bolti wazi, mpaka uweze kuushika kwa kiganja bila kusitasita. Dakika 10, wakati mwingine 15. Kunywa maji, andika daftari.

Hapa saa nazo zina neno. Anayeishi mwambao wa Ziwa Victoria anajua: asubuhi mapema upepo unatoka nchi kavu ukielekea ziwani, mwepesi, kisha unatulia, na jua likipanda unageuka, unaanza kuvuma kutoka ziwani na kuzidi alasiri. Piga shabaha asubuhi. Upepo wa pembeni wa mita 4 au 5 kwa sekunde unaweza kuisukuma risasi ya .308 sentimita 2 hivi kwa mita 100, na mita 200 ikafika 8 au zaidi. Ukiweka ziro alasiri yenye upepo, umeweka ziro ya upepo ule. Mchana wa jua kali kuna jambo lingine pia: mvuke wa joto unaotetemesha picha kwenye lenzi, shabaha inaogelea.

Risasi tatu tena. Kundi la sentimita 5 kwa bunduki ya kuwindia na mpigaji anayeanza ni kazi nzuri sana, usiumie kichwa na wanaojisifia tundu moja. Pima, gawa, zungusha. Kundi likiwa sentimita 6 chini na 4 kulia, kwa robo dakika ni kliki 8 juu na 6 kushoto. Kwa mili ni 6 juu na 4 kushoto. Poza mtutu. Piga tatu za kuhakiki.

10. Amua ziro yako. Kwa anayeanza nashauri mita 100 kamili, na kumpiga mnyama ndani ya mita 150. Mapori mengi ya ukanda wetu, yenye migunga na vichaka, hayakupi nafasi ya mbali zaidi, na ukiipata hujawa tayari nayo. Ukiwa na ziro ya mita 100, risasi ya .308 ya greni 150 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) itashuka kama sentimita 10 hadi 13 ikifika mita 200. Wapo wanaopenda ziro ya mita 200; hao waache kundi la mita 100 likae sentimita 5 hadi 6 juu ya katikati. Sikatai, ila mimi mwanafunzi wangu simpi hiyo mpaka apige msimu mmoja.

Mwenye .375 H&H, risasi iliyoingia sokoni 1912 na bado inaangusha nyati, abaki na mita 100 bila kufikiria mara mbili. Na asipige zaidi ya sita au saba kwa siku, bega litaanza kumwogopa.

11. Risasi ya mtutu baridi. Rudi siku nyingine, asubuhi, bunduki ikiwa imelala usiku kucha. Piga moja tu. Hiyo ndiyo risasi ambayo mnyama ataipata, kwa sababu porini hakuna atakayesubiri uupashe moto mtutu. Andika ilipotua. Ikiwa kila mara ya kwanza inatua sentimita 3 juu, si bahati mbaya, ni tabia ya bunduki yako, na sasa unaijua. Kama mtutu ulikuwa na mafuta ndani, ufute kwa kitambaa kikavu kwanza; risasi inayopita kwenye mafuta hutua inakotaka yenyewe.

12. Ondoka mezani. Risasi zilizobaki zipige ukiwa umekaa chini viwiko juu ya magoti, umepiga magoti, na ukiegemeza bunduki kwenye fimbo tatu zilizofungwa pamoja juu. Piga kwa mita 100 kwenye sahani ya karatasi ya sentimita 15. Mkao ambao unakupa risasi zote ndani ya sahani unaufaa uwindaji. Mkao unaokupa moja nje, huo bado. Ufanyie mazoezi nyumbani bila risasi, kila jioni, dakika 10.

Ikigoma

*Risasi zimetawanyika, hazifanyi kundi.* Skrubu kwanza, daima. Kisha mpe mtu mwingine anayejua kupiga ajaribu. Akipata kundi, tatizo ni wewe, na hiyo ni habari njema kwa kuwa hutanunua chochote. Asipopata, badilisha aina ya risasi. Kuna bunduki inayopenda greni 180 na kuzikataa za 150. Hakuna wa kulaumiwa. Baada ya hapo jaribu darubini nyingine ambayo unajua ni nzima.

*Kundi ni zuri, lakini risasi moja hukimbia chini kushoto.* Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, mara nyingi huko ni kushtuka. Mwombe mwenzako akuwekee risasi au akuachie chemba tupu, wewe usijue ni ipi. Kwenye chemba tupu, mtutu ukichomoka kwenda chini, umejiona kwa macho yako. Dawa ni hatua ya 6, sio bunduki ndogo wala kitako cha mpira peke yake.

*Nimezungusha kliki 10, risasi imehama kidogo tu. Nikapiga nyingine, ikahama yenyewe.* Darubini nyingine hubana ndani na kuachia bunduki inapopiga teke. Ikitokea mara moja, vumilia. Ikiendelea kila mara, mashine ya ndani imechoka, ibadilishe.

*Kifundo kimegota na bado sijafika.* Usilazimishe. Kitako cha pete kimekaa upande, au pete hazilingani. Rudisha kifundo katikati ya mzunguko wake wote, kisha mpelekee fundi arekebishe kitako.

*Makundi yanapanda juu kadiri ninavyopiga.* Mtutu una joto, au mti unausukuma. Ile noti ya shilingi 1,000.

*Jana ilikuwa sawa, leo imehama.* Je, umebadilisha risasi? Hata kampuni moja yenye uzito tofauti huhama. Je, imeanguka? Je, ilisafiri?

Hili la safari nalisema kwa uchungu. Mwaka mmoja niliweka ziro asubuhi, kundi safi, nikaifunga bunduki nyuma ya gari na kwenda zangu mapori ya upande wa Simiyu, kibali mkononi. Baada ya Bariadi barabara ilikuwa mawimbi matupu. Kesho yake nilimpiga swala pala mita 90, nikalenga begani, nikampiga tumboni. Tulimfuata kwa muda wa saa nne kwenye jua, matone ya damu yakipungua, ndipo tukampata na kummalizia. Jioni niligusa darubini kwa kidole ikacheza. Skrubu mbili za pete zilikuwa zimelegea njiani, nami sikuwa nimezigusa tangu nyumbani. Macho ya mnyama yule bado ninayo.

Tangu siku hiyo, kila skrubu ya bunduki zangu ina mstari mwembamba wa rangi ya kucha uliochorwa juu ya kichwa chake na kuendelea kwenye chuma cha pembeni. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka. Unaona kwa jicho kabla hujapiga. Bunduki inasafiri ndani ya sanduku lenye godoro, juu ya kiti, haikai sakafuni kwenye gari. Nikirudi ziwani naifuta chuma chote kwa mafuta usiku ule ule, maana unyevu wa huku unaleta kutu ndani ya siku chache, na sanduku lililofungwa na unyevu ndani yake ndilo baya kuliko yote.

Na nikifika kambini, kabla ya kufungua hata chupa ya chai, namwomba askari wanyamapori aliyepangwa nasi anionyeshe tuta la udongo. Tunapima mita 100, tunaweka boksi, napiga moja ya mtutu baridi. Ikitua ndani ya sentimita 4 za pale daftari linaposema, tunapanga safari ya alfajiri. Ikitua nje, natoa bisibisi, na siku inayofuata hakuna anayekwenda kuwinda mpaka kundi la risasi tatu lirudi mahali pake.